Historia ya Tipa la Shule Yetu



Katika ukumbi wa shule yetu kuna ubao mkubwa wenye orodha ya mambo yaliyotendeka shuleni tangu ilipofunguliwa. Kila jengo lina mwaka wake, na kila jiwe la msingi lina jina la aliyeliweka. Mbele ya mwaka 1998 yameandikwa maneno machache tu: "Ukarabati wa barabara na ujenzi wa vyoo vipya." Hapana neno juu ya nani aliyekarabati, wala kwa chombo gani.

Chombo chenyewe mnakijua. Ni ile pikapu kuukuu, Toyota Hilux, iliyoegeshwa nyuma ya karakana chini ya mwembe, yenye bodi ya chuma inayoinuka na kumwaga mzigo kama lori la tipa. Nilipofika shuleni mwaka jana niliwauliza vijana wa kidato cha pili habari zake. Mmoja alisema ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Mwingine akasema ilikuwa zawadi ya wafadhili. Sasa tumepata habari kwamba gari hilo limo katika orodha ya vyuma chakavu vitakavyouzwa, na Katibu wa chama chetu ameniomba niandike historia yake kabla halijaondoka.

Nimekubali kwa sababu tatu. Kwanza, nilisoma historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na minane sasa kazi yangu serikalini ni kutunza majalada, kwa hiyo nafahamu jinsi jambo lisiloandikwa linavyogeuka hadithi, na hadithi inavyogeuka uwongo. Pili, nilikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na mmoja walioijenga bodi ile. Sababu ya tatu nitaieleza mahali pake.

TOROLI ZA MKONGE

Asili ya tipa letu si shuleni, bali ni katika mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe, hata mkonge ukawa zao kubwa kuliko yote katika biashara ya nje ya Tanganyika kabla ya Uhuru.

Shamba la mkonge halikuwa majani peke yake. Lilikuwa pia reli nyembamba, toroli, na karakana. Majani yalikatwa, yakafungwa matita, yakapakiwa katika toroli hadi korona, yaani kiwanda cha kuyachakata. Pamoja na toroli za majani zilikuwapo zile za kuchukulia udongo na mawe, zenye tumbo lililochongoka chini kama herufi V. Tumbo hilo liliegemezwa juu ya fremu kwa namna ambayo mtu mmoja, akiisha kufungua komeo, aliweza kulipindua kwa mkono na kumwaga mzigo ubavuni mwa reli. Hakuna injini wala mafuta katika kazi hiyo. Palikuwa na egemeo lililowekwa mahali pake tu.

Ni katika karakana ya shamba mojawapo ambako mzee wetu, tuliyemwita Fundi na hakuna aliyemwita vinginevyo, alianza kazi akiwa kijana aliyemaliza darasa la nne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia grisi magurudumu ya toroli. Jina lake silitaji hapa kwa ombi la watoto wake, lakini kila aliyesoma shuleni petu kati ya mwaka 1976 na 2003 anamjua.

Alikujaje kwetu? Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huo huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Lakini bei ya mkonge ilikwisha kuanza kuporomoka duniani kwa ajili ya kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, na mwaka baada ya mwaka mashamba yalipunguza watu. Wakati huo huo shule zilihitaji mafundi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia mahali pa kazi. Miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Katika upepo huo shule yetu ilijenga karakana, na mwaka 1976 ikamwajiri Fundi kuwa mtunza karakana. Cheo chake kilikuwa mhudumu. Alichofanya kilikuwa kufundisha.

MVUA ZA EL NIÑO

Wale wa rika langu hawatasahau mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea hadi mwaka 1998. Wengi wenu wakati huo mlikuwa hamjazaliwa. Reli na barabara zilikatika sehemu nyingi za nchi. Kwetu, kilima kilichoko kati ya barabara kuu na lango la shule kilichimbika makorongo, na vyoo vya bweni la chini vikabomoka. Malori ya mchanga yalifika barabara kuu yakagoma hapo. Gari lililoweza kupanda lilikuwa moja tu, ile Hilux ya shule, iliyozoea kubeba mahindi na maharage.

Basi ikaamuliwa kwamba pikapu ilete mchanga kutoka mtoni na moramu kutoka machimboni, na wanafunzi wapakie na kupakua. Nilikuwa kidato cha nne. Kupakua tani moja ya mchanga kwa machepe kulichukua wavulana wanne nusu saa, na kwa siku zilikuwa safari nane. Kwa hesabu hiyo, kila siku wanafunzi wanne walikosa saa nne za masomo kwa ajili ya kupakua peke yake, nasi tulikuwa na mtihani wa taifa mwisho wa mwaka.

Mwalimu wetu wa Fizikia alilalamika. Wengine walimjibu kwamba hiyo ndiyo kujitegemea. Fundi, ambaye kwa kawaida hakuzungumza mbele ya walimu, alisema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: "Chepe haimfundishi mtoto kitu baada ya siku ya kwanza. Nipeni hao watoto wiki sita, tutengeneze bodi ya kujimwagia. Hapo watakuwa wamefanya kazi, na wamesoma."

Mkuu wa Shule alikubali. Tukachaguliwa kumi na mmoja.

HESABU KWANZA

Tulidhani tutaanza kwa kuchomelea. Badala yake, siku nne za kwanza Fundi na Mwalimu wa Fizikia walitukalisha mbele ya ubao. Nitayaeleza tuliyojifunza, kwa maana ndiyo urithi wenyewe, na Fundi mwenyewe alitaka yaandikwe.

Jambo la kwanza ni mzigo. Bodi yetu ingekuwa na urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.5. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1,600 hivi, na mchanga uliolowa huzidi hapo. Gari letu lilikuwa la tani moja. Pigeni hesabu: mchanga ukifika kina cha sentimita 20 tu, tani moja imekwisha timia. Macho hudanganya hapa, maana bodi huonekana bado tupu. Kwa hiyo ndani ya bodi tulipiga mstari mwekundu kwenye sentimita 20, na dereva alikatazwa kuondoka kama mstari umefunikwa.

Jambo la pili ni mwinuko. Mchanga mkavu huanza kuteleza wenyewe bodi ikiinama kiasi cha nyuzi 35, lakini udongo wenye unyevu hung'ang'ania, na huhitaji nyuzi 45 au zaidi. Ili bodi ya mita 2.1 ifike nyuzi 45, ncha yake ya mbele yapaswa kupanda karibu mita moja na nusu. Jeki ndogo ya kubadilishia gurudumu haifiki popote karibu na hapo.

Jambo la tatu ni nguvu. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji, akitumia kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal zaidi ya miaka mia moja kabla yake: ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo wake huenea sawasawa kila upande. Pistoni ndogo yenye kusukumwa kwa mkono huweza hivyo kuinua pistoni kubwa yenye mzigo, ila ile ndogo hulazimika kwenda mara nyingi. Kanuni hiyo tulikuwa tumeikariri tangu kidato cha pili. Sasa tuliona inaweza kuokoa migongo yetu.

VYUMA VILITOKA WAPI

Fundi alijua kwamba katika shamba lake la zamani kulikuwa na trela bovu la trekta, la aina ile inayomwaga mzigo kwa jeki ya haidroliki. Matrekta ya Ferguson, yaliyoanza kuenea duniani baada ya mwaka 1946, na Massey Ferguson yaliyoyafuata, yalikuwa na pampu ya mafuta ndani yake, na pampu hiyo ndiyo iliyoinua matrela kama hilo. Meneja wa shamba alitupa jeki ya trela bila malipo, pamoja na mpira wake wa kupitishia mafuta. Tuliibeba kwa zamu hadi barabarani.

Jeki hiyo ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 8, yaani eneo la sentimita 50 za mraba, na ilirefuka kwa sentimita 45. Hilux yetu haikuwa na pampu ya haidroliki, kwa hiyo Fundi alifufua pampu ya mkono iliyokuwa imelala stoo tangu miaka ya 1980. Kila mpigo wake ulisukuma sentimita 20 za ujazo. Jeki ilihitaji sentimita 2,250 za ujazo ili ijae. Gawanyeni, mtapata mipigo 113. Wimbo wa kuhesabu mipigo hiyo baadaye ulijulikana na shule nzima.

Mengine yote yalikuwa masalio. Chuma cha fremu kilitoka katika vitanda vya bweni vilivyovunjika na reli za toroli. Sakafu ya bodi ilikuwa bati nene la tangi la maji lililotoboka. Tulichonunua ni vijiti vya kuchomelea, mafuta ya haidroliki na bolti.

UJENZI NA KOSA LA KWANZA

Tuliondoa bodi ya zamani. Hapo Fundi alitupa amri mbili. Ya kwanza: hakuna kutoboa wala kuchomelea ukingo wa juu au wa chini wa chesisi, maana humo ndimo nguvu yake ilimo, na ufa huanzia kwenye tundu. Kwa hiyo tulijenga fremu ya pili juu ya chesisi, tukaifunga kwa bolti za umbo la U zinazokumbatia chuma bila kukijeruhi. Amri ya pili: pini za bawaba za nyuma zisiende mbali nyuma ya ekseli. Zikienda mbali, siku mzigo ukinata mwishoni mwa bodi iliyoinuliwa, uzito wote huvuta mkia, na magurudumu ya mbele huelea hewani.

Mlango wa nyuma tuliutia bawaba upande wa juu badala ya chini, ili bodi ikiinuka mchanga uusukume na kupita chini yake.

Mwishoni mwa Mei 1998 tulijaribu kwa mara ya kwanza, bodi ikiwa na mchanga hadi kwenye mstari mwekundu. Tulipiga pampu. Mpigo wa kumi, mkono wa pampu ukawa mzito. Mpigo wa kumi na tano ulining'inizwa na watu wawili. Ghafla tukasikia mlio, na ile boriti ya chuma iliyokingama chini ya bodi, mahali jeki ilipoisukuma, ikapinda kama upinde. Bodi haikuinuka hata unene wa kidole.

Fundi hakukasirika. Alichukua chaki akaenda kwenye ukuta wa karakana, akachora jeki ilivyolala. Uzito wote, bodi na mchanga, ulikuwa kilo 1,200, na kitovu chake kilikuwa mita 1.05 kutoka kwenye bawaba. Jeki ilisukuma mahali palipo sentimita 70 kutoka kwenye bawaba. Lakini kitako chake tulikuwa tumekifunga sentimita 15 tu chini ya bodi, kwa hiyo ilikuwa karibu imelala, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilisukuma bodi kwenda nyuma badala ya kuipandisha. Mwalimu wa Fizikia akapiga hesabu: kwa ulalo ule, jeki ilitakiwa kutoa karibu tani 10 ili kuanza tu. Tukikishusha kitako hadi sentimita 30 chini ya bodi, zingetosha tani 5 na kidogo.

Sentimita kumi na tano zikapunguza nguvu iliyotakiwa kwa karibu nusu. Tulishusha kitako, tukatia boriti mpya ya reli ya toroli, na juma lililofuata bodi ilipanda hadi nyuzi 45, mchanga ukashuka wote kwa mara moja, na Mwalimu wa Fizikia akavua miwani akaifuta. Ninyi mliopo sasa mkiikagua fremu, mtayaona bado mashimo ya mahali pa kwanza pa kitako. Fundi alikataa yazibwe. Alisema ndiyo daftari letu.

Kuanzia hapo kupakua kulichukua kama dakika nne, na mtu mmoja. Barabara ilitengenezwa. Vyoo vikajengwa.

MLINZI

Kuna kifaa kimoja sijakitaja. Bodi iliyoinuliwa hushikiliwa na mafuta peke yake. Vali ikivuja au mpira ukipasuka, hushuka, na bodi yetu ikiwa tupu ilikuwa na kilo 200. Kwa hiyo Fundi alichonga gogo la mninga, urefu wa kiuno cha mtu, la kusimamishwa kati ya fremu na bodi kabla mtu yeyote hajatia mkono chini yake. Tuliliita Mlinzi. Kila siku mwanafunzi mmoja alipewa zamu ya kulisimamisha, na Fundi hakuingiza mkono kabla hajauliza: "Mlinzi yupo?" nasi kujibu: "Yupo."

Siku moja ya Agosti 1998 zamu ilikuwa yangu. Asubuhi hiyo matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yamebandikwa, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kuyaangalia. Fundi alitaka kutia grisi pini ya jeki, kazi ya dakika moja. Bodi ilikuwa tupu, imeinuliwa. Akauliza kama kawaida: "Mlinzi yupo?"

Nilitazama, nikamwona Mlinzi amelala chini karibu na gurudumu. Nikajibu: "Yupo." Niliona nitamsimamisha nikimaliza kusema. Wala sikusema uwongo, kwa maana ya neno lenyewe. Alikuwapo.

Ule mpira wa trela ulipasuka wakati huo huo. Mafuta yaliruka hadi ukutani, bodi ikaja chini. Fundi aliwahi kurudisha mwili na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika fremu. Alipoteza kidole cha pete na kidole cha mwisho.

JALADA

Juma lililofuata iliketi kamati ya uchunguzi. Fundi, mkono ukiwa katika bandeji, aliulizwa kwa nini gogo halikuwa mahali pake. Alijibu: "Nilisahau mwenyewe." Wanafunzi watatu tuliokuwapo tuliitwa kuwa mashahidi. Wenzangu wawili hawakuwa wamesikia swali wala jibu. Mimi nilikuwa nimeyasikia yote mawili, nikanyamaza. Nikatia sahihi.

Mwaka jana, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nililifungua jalada hilo. Taarifa ni ya ukurasa mmoja, na imekwisha kwa maneno haya: "Ajali ilitokana na uzembe wa fundi mwenyewe." Chini yake kuna sahihi yangu, ya tatu, kwa mwandiko mzuri wa mtoto aliyetaka kufaulu. Nyuma yake kuna nakala ya dai la fidia la Fundi, lililorudishwa bila malipo kwa kunukuu maneno hayo hayo. Na kabla ya yote hayo imo barua ya Fundi ya Juni 1998, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akiomba fedha ya kununua mpira mpya kwa sababu ule wa trela ulikuwa umeanza kupasuka nyufa. Jibu lake halimo jaladani.

Nimefanya kazi na majalada miaka mingi. Najua jinsi neno moja kama "uzembe" linavyomfuata mtu kutoka ofisi hadi ofisi, likinukuliwa na watu wasiomjua. Neno lile nililisaidia kuzaliwa.

Mwaka 2016 nilimtembelea Fundi nyumbani kwake. Alikuwa amestaafu, amekaa kivulini anasuka kamba ya mkonge kwa vidole vinane. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwambia niliyokwenda kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona umetazama chini."

"Sasa kwa nini hukusema, Mzee?"

"Ungefukuzwa, baba, na mtihani umebakia miezi miwili. Vidole vingerudi?"

Nikamwuliza kuhusu fidia. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba hiyo ilimwuma, hasa mwaka ule, kwa kuwa alikuwa na binti aliyetakiwa kwenda chuo cha ualimu, na hakwenda. Hakulisema kwa kunilaumu, wala hakulificha. Kisha akaniambia: "Wewe ni mtu wa kuandika. Siku moja andika. Lakini usiandike habari ya vidole peke yake. Andika na vipimo, mtoto mwingine avisome."

Nilimwahidi. Nikachelewa. Fundi alifariki mwaka 2021, kabla sijaandika hata mstari mmoja, na hilo ni deni jingine.

BAADA YA AJALI

Yafaa mjue tipa liliendeleaje. Fundi aliporudi kazini, Oktoba 1998, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulichanja lile gogo kuni. Halafu, yeye akielekeza na sisi tukichomelea, tulitengeneza nguzo mbili za bomba nene, zenye bawaba kwenye fremu, ambazo bodi ikiinuliwa huinuka nayo zenyewe na kukaa katika vishikizo vyake. Ili kuishusha bodi ni lazima mtu azitoe kwa mkono. Yaani tangu hapo usalama haukutegemea tena kijana kukumbuka. Ilibidi mtu akusudie kuuondoa. Mpira mpya ulinunuliwa mwezi huo huo, na fedha ikapatikana.

Pikapu ilifanya kazi hadi mwaka 2009 injini ilipokufa. Bodi, fremu, jeki na zile nguzo mbili bado ni nzima.

MAOMBI YANGU

Ndugu wahitimu, sikuandika haya ili nionewe huruma. Nimeandika maelezo yangu ya ajali ile, nimeyatia sahihi, na nimemkabidhi Mkuu wa Shule ili yawekwe katika jalada lile lile, nyuma ya ile taarifa, asiweze mtu kusoma moja bila kukutana na jingine. Nakala nimeipeleka kwa watoto wa Fundi. Kuhusu fidia ile, nimezungumza na familia kama mtu anayedaiwa, na yanayobaki ni kati yetu.

Kwenu ninaleta maombi matatu, niombe yajadiliwe katika mkutano wetu.

La kwanza, bodi ile isiuzwe kwa kilo. Gari lenyewe liende kama halina budi, lakini bodi na fremu yake viwekwe ndani ya karakana, na mashimo ya kosa letu yaonekane.

La pili, kwenye ule ubao wa ukumbini, mbele ya mwaka 1998, liongezwe jina la Fundi kamili, pamoja na idadi ya wanafunzi aliowaongoza. Watoto wake wamekubali jina liandikwe hapo.

La tatu ni kwenu wanafunzi. Chukueni futi, mwende mkaipime. Hakikisheni kama hesabu nilizoziandika ni sahihi: zile mita 2.1, zile sentimita 70, ule mstari mwekundu. Mkikuta nimekosea, niandikieni, nami nitasahihisha katika toleo lijalo. Na kabla ya kutia mkono chini ya bodi, kazitazameni zile nguzo mbili kwa macho yenu wenyewe, msiulize mtu.